Masikio Mengi, Kinywa Kimoja: Jinsi Vipokezi vya Redio Vinavyopigiwa Kura

Mtu aliyesimama bondeni na redio ndogo ya mkononi huweza kumsikia vizuri kabisa mwenzake aliye upande wa pili wa mlima, ilhali yeye mwenyewe hasikiki hata kidogo. Huita, huita tena, na jibu analolipata ni sauti safi ya yule mwenzake ikisema: "Kuna mtu anaita, lakini hasikiki. Rudia." Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa njia ya mawimbi kutoka bondeni hadi kileleni ndiyo ileile ya kutoka kileleni hadi bondeni. Iweje basi sauti ya mmoja ifike na ya mwingine ipotee njiani?

Swali hili si la mchezo. Mnamo Januari 2025 moto wa Eaton, ulioanzia katika korongo la milima ya San Gabriel huko California, Marekani, uliteketeza zaidi ya majengo 9,000, mengi yakiwa katika mji wa Altadena. Katika maafa ya namna hiyo umeme hukatika, simu hulemewa, na mtu mwenye redio ya mkononi huweza kuwa ndiye pekee anayejua barabara ipi imefungwa na nyumba ipi ina mgonjwa. Habari yake haina faida yoyote isiposikika. Makala haya yanaeleza kwa nini sauti dhaifu hupotea, na jinsi waendeshaji wa redio wa ridhaa wanavyoiokoa kwa kutumia vipokezi vingi vinavyoshindanishwa kila mara kwa kura.

Mtambo wenye kinywa kikubwa

Waendeshaji wa redio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni ya kuwasiliana kwa redio pasipo kutafuta faida ya biashara. Moja ya bendi wanazozipenda ni ile ya mita 2, ambayo huanzia megahezi 144. Katika Marekani bendi hiyo huishia megahezi 148, na katika Afrika na Ulaya huishia megahezi 146. Wimbi la megahezi 145 lina urefu wa mita 2.07 hivi, kama msomaji anavyoweza kuhakikisha kwa kugawa mwendo wa mwanga, yaani mita 300,000,000 kwa sekunde, kwa 145,000,000. Mawimbi mafupi kiasi hicho husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kilima au jengo kubwa huyakinga, kama vile ukuta ukingavyo mwanga wa taa.

Dawa ya kwanza ya tatizo hilo ni mtambo uitwao ripita. Ripita huwekwa mahali pa juu, hupokea sauti katika masafa fulani, na papo hapo huirusha tena kwa nguvu mpya katika masafa mengine. Katika bendi ya mita 2 masafa hayo mawili kwa kawaida hupishana kwa kilohezi 600. Faida ya kimo ni kubwa. Mlima Wilson, ulio juu ya jiji la Los Angeles, una kimo cha mita 1,740 hivi kutoka usawa wa bahari. Ili kukadiria upeo wa redio kwa kilometa, hutafutwa kipeuo cha pili cha kimo kwa mita, kisha huzidishwa kwa 4.12. Kipeuo cha 1,740 ni 41.7 hivi, kwa hiyo upeo wa mlima huo ni kilometa 172.

Hata hivyo kimo peke yake hakitoshi. Chukulia kwamba ripita inarusha kwa wati 100, na redio ya mkononi kwa wati 5. Upotevu wa njiani ni sawa kwenda na kurudi, lakini mmoja ameanza safari akiwa na nguvu mara 20 ya mwenzake, tofauti ambayo mafundi huieleza kuwa desibeli 13. Aidha, kileleni huwa kuna transmita nyingine nyingi, na kelele zake huziba masikio ya ripita. Basi hutokea eneo pana ambamo watu humsikia kila mtu, wala hawasikiki. Waendeshaji wa Marekani huiita ripita ya namna hiyo mamba, kwa kuwa ina kinywa kikubwa na masikio madogo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huona kwamba ripita haitoshi, wakaiongezea nguvu. Kwa kufanya hivyo hawamsaidii mnyonge aliye bondeni. Wanapanua tu lile eneo la watu wanaosikia bila kusikika. Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. Mnyonge huyu hatafika mlimani kwa sababu mlima umejifunza kupiga kelele zaidi. Kinachohitajika ni sikio lililo karibu naye.

Kuongeza masikio

Kinywa kinaweza kubaki kimoja, na masikio yakawa mengi. Transmita huachwa kileleni, na vipokezi kadhaa hutawanywa: kimoja kileleni, kingine katika kilima kidogo upande wa pili, kingine juu ya paa la jengo mjini. Kila kipokezi husikiliza masafa yaleyale, na kupeleka sauti iliyopatikana kwenye kituo cha kati kwa waya wa simu, kwa kiungo cha redio katika bendi nyingine, au kwa intaneti.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kwa nini sauti zote zisijumlishwe tu? Sababu ni kwamba kipokezi cha FM kisichopata ishara ya kutosha hakinyamazi. Hutoa mikwaruzo mikali, kama maji yanayomwagika juu ya mabati. Endapo kipokezi kimoja kinapata maneno na viwili vinapata mikwaruzo, jumla yake ni maneno yaliyozama katika mikwaruzo. Kwa hiyo kituo cha kati hakijumlishi bali huchagua. Kifaa kinachochagua huitwa kilinganishi, na uchaguzi wenyewe mafundi huuita kura, ingawa kwa kweli ni shindano ambalo mshindi wake ni yule mwenye alama za juu kabisa.

Shindano hilo haliwezi kufanywa mara moja na kwisha. Mawimbi yanayorudishwa na majengo na miamba hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Mahali pengine husaidiana, mahali pengine huuana. Sehemu hizo za ukimya huweza kupishana kwa nusu ya urefu wa wimbi, yaani kwa mita 1 hivi. Gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa kilometa 72 kwa saa, huweza kupita sehemu 20 kama hizo katika kila sekunde. Kipokezi kilichokuwa bora wakati wa silabi ya kwanza huenda kikawa duni wakati wa silabi ya tatu.

Alama zinavyotolewa

Katika miaka ya 1970 vilinganishi vilitumiwa sana na polisi na zimamoto wa Marekani, ambao vipokezi vyao viliunganishwa kwa nyaya za simu. Kipokezi kisichosikia kitu kilipeleka toni ya kudumu, ya hezi 1,950 au 2,175 kwa kutegemea mtengenezaji, kama mwanafunzi anayejibu "sijui". Toni ilipokoma, kilinganishi kilianza kupima mikwaruzo iliyomo katika sauti iliyofika.

Njia hiyo ilikuwa na mtego. Waya mrefu wa simu hupunguza zaidi sauti nyembamba, na mikwaruzo imejaa sauti nyembamba. Basi kipokezi kilichokuwa mwisho wa waya mbaya kilionekana kuwa na mikwaruzo michache kuliko chenye waya mzuri, nacho kikashinda. Ubaya wa waya ukageuka kuwa sifa ya kipokezi. Mafundi walilazimika kusawazisha kila waya kwanza, kabla ya kuiamini kura.

Njia ya pili ni kupima nguvu ya ishara palepale ilipopokewa, kisha kupeleka namba ya kipimo pamoja na sauti. Waya hauwezi kuibadilisha namba. Lakini nguvu nayo huweza kudanganya. Kipokezi kilicho karibu na mashine yenye kelele za umeme kinaweza kupata ishara yenye nguvu na maneno yasiyosikika, kama mtu aliyeketi mbele kabisa mkutanoni, kando ya kinu cha kusaga.

Kwa sababu hiyo mitambo mingi ya waendeshaji wa ridhaa hukadiria nguvu ya ishara kwa kupima ukimya. Sauti ya mtu katika redio hizi haivuki sana hezi 3,000, ilhali mikwaruzo ya detekta ya FM huendelea mbali zaidi ya hapo. Chujio hukata maneno yote na kuacha mikwaruzo ya juu peke yake. Ikiwa ni mingi, ishara ni dhaifu au imezongwa na kelele. Ikiwa michache, ishara ni safi. Ni lazima sauti hiyo ichukuliwe kwenye detekta yenyewe, kabla ya sakiti zinazoirembesha kwa ajili ya spika, kwani sakiti hizo huondoa ushahidi unaotafutwa.

Mfano mmoja ni AllStarLink, mfumo unaounganisha ripita kwa intaneti kupitia kompyuta. Umejengwa juu ya Asterisk, programu iliyotungwa kwa ajili ya kuendesha mitambo ya simu, na aliyeugeuza ufundi huo kuwa wa redio ni Mmarekani Jim Dixon, aliyefariki mwaka 2016. Katika utaratibu wake wa kura, sauti hukatwa vipande vya sekunde 20 kwa elfu. Kwa kuwa sauti huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila kipande kina sampuli 160, na kila sekunde ina vipande 50. Kila kipande husafiri na alama yake, kuanzia 0 hadi 255. Kura hupigwa mara 50 kwa sekunde.

Wasahihishaji wasiolingana

Mwalimu yeyote anajua hatari ya mtihani mmoja kusahihishwa na watu wawili wasiokubaliana kipimo. Mmoja ni mkarimu, mwingine ni mbahili. Mwanafunzi aliyepata 60 kwa mbahili huenda anajua zaidi ya aliyepata 70 kwa mkarimu, lakini orodha itasema kinyume, na hakuna atakayeishuku kwa kuitazama tu.

Vipokezi viko hivyohivyo. Chukulia kwamba kipokezi cha mlimani hutoa alama 170 kwa ishara yenye mikwaruzo ya wastani, na kile cha mjini ni kibahili, hutoa alama 160 hata kwa ishara iliyo safi. Mtu anapoongea karibu na kipokezi cha mjini, sauti yake nzuri hupewa 160 na ile mbovu ya mlimani hupewa 170. Kilinganishi huchagua mbovu. Taa zote zinawaka, hakuna kifaa kilichoharibika, na sauti safi imelala pembeni bila kutumika. Kosa la namna hii laweza kukaa miaka, kwani mtu asiyesikika hana njia ya kulalamika.

Tiba yake ni kusawazisha vipimo kabla ya kitu kingine chochote. Kwanza antena huondolewa, na kila kipokezi hurekebishwa kioneshe 0 kinapokuwa na mikwaruzo yake mitupu. Kisha huingizwa ishara inayojulikana kutoka jenereta ya maabara, kwa hatua zilezile kwa vipokezi vyote, kwa mfano maikrovolti 0.2, 0.5 na 1. Alama huandikwa na kulinganishwa. Mwisho, ukubwa wa sauti husawazishwa kwa toni ya hezi 1,000, ili msikilizaji asisikie sauti ikipanda na kushuka kila kura inapohamia kwingine. Mitambo ikishapelekwa mahali pake, zoezi hurudiwa kila baada ya muda, kwa maana joto na uzee hubadilisha kila kifaa.

Saa moja kwa wote

Kipimo kikiwa kimoja, hapana budi wakati nao uwe mmoja. Chukulia kwamba sauti ya kipokezi cha kwanza hufika kituoni baada ya sekunde 30 kwa elfu, na ya pili baada ya 90. Kura ikihama kutoka cha kwanza kwenda cha pili, sekunde 60 kwa elfu za maneno zitarudiwa. Ikihama kinyume chake, zitapotea. Muda huo ni mfupi, lakini konsonanti nyingi ni fupi kuliko huo. "Paa" na "kaa" hutofautiana kwa konsonanti moja tu.

Nyaya za zamani zilichelewesha sauti kwa kiasi kisichobadilika, nacho kiliweza kufidiwa. Intaneti haina adabu hiyo. Kipande kimoja hupita upesi na kinachofuata hukwama. Kwa hiyo kila kipokezi hufungwa kifaa cha GPS. Setilaiti za GPS hubeba saa za atomu, na kifaa hicho hutoa mdundo mmoja kila sekunde kwa usahihi mkubwa mno. Kila kipande cha sauti hupigwa mhuri wa wakati uleule kiliposikika. Kituo cha kati huvihifadhi vipande kwa muda mfupi hadi vya nyuma vifike, huvipanga kwa mihuri, ndipo hulinganisha vile vilivyosemwa katika kitambo kimoja. Gharama yake ni kwamba msikilizaji husikia maneno yakiwa yamechelewa kidogo.

Yako pia mambo mawili yanayolinda heshima ya kura. La kwanza ni kuzuia kuyumba. Vipokezi viwili vikipata 140 na 141, kisha 141 na 140, kura itaruka huku na huku mara nyingi kwa sekunde, na sauti itatetemeka. Basi mshindi huachiwa nafasi yake kwa raundi chache, tuseme 5, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, na aliyepata alama kamili haondolewi mpaka ashuke. La pili ni kitambulisho. Kipokezi kinaweza kusikia kwa nguvu sana kitu ambacho si mtu. Kwa hiyo hutakiwa toni nyororo iliyo chini ya sauti ya maneno, ambayo redio ya mwanachama huirusha wakati wote anapoongea. Asiye na toni hahesabiwi, hata akiwa na alama 255.

Ripita zinapounganishwa

Ripita yenye kura ikiunganishwa na ripita nyingine, yapo makosa matatu ya kuepukwa. Kwanza, sauti inayotoka kwa jirani isiingizwe katika shindano, kwani imekwisha kuchaguliwa kwao. Ipelekwe moja kwa moja kwenye transmita. Pili, ripita hubaki hewani kitambo kidogo baada ya msemaji kunyamaza, na kitambo hicho kisipelekwe kwa jirani. Kikipelekwa, kila ripita itaidhania nyenzake kuwa bado inaongea, nazo zitashikiliana hewani bila mwisho, kama watu wawili wanaosubiriana mlangoni. Tatu, kipokezi kimoja angalau kiunganishwe na transmita kwa waya mfupi, na vyote viwe na betri. Intaneti ikikatika siku ya maafa, masikio ya mbali yatakufa, lakini lile la kileleni litabaki.

Jaribio la darasani

Kanuni hizi zaweza kuoneshwa shuleni bila kifaa chochote. Mwanafunzi mmoja asimame katikati ya uwanja, wakati wa kelele za mapumziko, asome polepole orodha ya maneno 20 yasiyo na uhusiano. Wenzake watatu wasimame mahali tofauti, waandike walichosikia, na kando ya kila neno watie alama ya usafi wake kutoka 0 hadi 10. Darasa lichague, kwa kila neno, jibu lenye alama ya juu, kisha lihesabu ni maneno mangapi ni sahihi.

Baadaye jaribio lirudiwe, lakini kabla ya kuanza wote watatu wasikilize maneno machache pamoja na kukubaliana maana ya alama 2, 5 na 8. Orodha mpya ya maneno itumike, na matokeo mawili yalinganishwe. Mwalimu awaulize wanafunzi kama mkarimu wa alama alishinda mara nyingi kuliko alivyostahili. Atakayetaka kwenda mbele na kurusha mawimbi kwa kweli, hana budi kupata leseni ya nchi yake. Alama ya wito ya Tanzania huanza na 5H, na ya Kenya na 5Z.

Kilinganishi si kifaa chenye busara. Hakijui nani yuko hatarini wala nani anapiga soga. Hukijua kile tu kilichopimwa, na humwamini kila kipokezi kwa kiasi kilekile. Kikilishwa vipimo visivyolingana, kitachagua vibaya mara 50 kwa sekunde bila kuona haya. Kikilishwa kipimo kimoja na saa moja, mtu aliye korongoni na wati zake 5 atasikika mlima mzima.